Mapafu Hayana Kosa: Tulichojifunza Kuhusu Pumzi Kwenye Miinuko ya Mbeya

Mtu akipanda Loleza kwa mara ya kwanza, hata nusu ya mlima hajafika utamsikia: "Kocha, mapafu yangu mabovu." Anasema amejishika kiuno, midomo imekauka, mabega yamepanda mpaka masikioni. Mara nyingi mapafu yake ni mazima kabisa. Kilichomwangusha ni mwendo alioanza nao kule chini, pamoja na pumzi ambazo hajazimaliza kuzitoa. Sisi tunaokimbiza watu asubuhi hapa Mbeya tumeisikia kauli hiyo kwa wanafunzi, kwa akina mama wafanyabiashara wa Mwanjelwa wanaotaka kupunguza uzito, kwa vijana wanaojiandaa na majaribio ya kujiunga na jeshi. Jibu letu kwa wote ni moja: toa hewa kwanza, halafu tuongee.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na ukiielewa hutasahau. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kama 12 hadi 18 kwa dakika, na kila pumzi ni karibu nusu lita ya hewa. Katika ile nusu lita, mililita kama 150 hazifiki kwenye vifuko vya hewa ambako damu inachukua oksijeni. Zinaishia puani, kooni na kwenye mirija, kisha zinarudi nje zilivyoingia. Huo ni ushuru unaolipwa kwa kila pumzi, ndogo au kubwa. Sasa chukua mtu anayetweta pumzi fupifupi, 40 kwa dakika, kila moja mililita 250. Amevuta lita 10, lakini ukitoa ushuru, zilizofika mahali pake ni lita 4 tu. Mwenzake anavuta pumzi 20 za nusu lita. Naye amevuta lita 10 zilezile, ila kwake zimefika lita 7. Mlima ni uleule na hewa ni ileile. Mmoja anaona nyota mchana, mwenzake anaendelea kupanda.

Kwa nini tunasisitiza kutoa kuliko kuvuta? Kwa sababu anayehangaika hukosea palepale. Akiona hewa haitoshi, anavuta juu ya pumzi ambayo bado imejaa. Kifua kinakaa kimetuna, kiwambo, yaani ule msuli mpana uliotanda chini ya mapafu, kinabaki kimeshuka, na kikishashuka hakina tena pa kuvutia. Ni kama kujaribu kujaza ndoo iliyojaa. Ukipumzika, hewa hutoka yenyewe bila kazi, mapafu yanajirudi kama mpira uliovutwa. Ukikimbia, kutoa nako kunakuwa kazi: misuli ya tumbo inabana, mbavu zinashuka. Mwambie mtu apulize kwa midomo iliyobana kidogo, kama anayepoza uji wa moto, mpaka asikie tumbo limeingia ndani. Pumzi inayofuata itaingia yenyewe.

Jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kwa kawaida kinachokulazimisha kuhema si oksijeni iliyopungua. Ukiwa mzima, damu yako inabaki na oksijeni karibu kamili hata ukikimbia. Kinachopanda ni kabonidayoksaidi, na asidi inayofuatana nayo kwenye damu. Sehemu ya chini ya ubongo inaipima kila wakati na kutoa amri. Miguu ikifanya kazi kwa kasi inayozidi kiasi cha oksijeni inachoweza kutumia, asidi inaongezeka ghafla, mwili unaiondoa kwa kuzalisha kabonidayoksaidi zaidi, na kuhema kunaruka ngazi. Kwa hiyo ukisema "pumzi imekata", mara nyingi taarifa hiyo imetoka kwenye mapaja.

Kuna mpaka ambao ukiuvuka hali hiyo inaanza, na hauhitaji mashine kuujua. Tunatumia siku za wiki. Ukiwa unakimbia, taja kwa sauti, kwa pumzi moja, kuanzia Jumamosi mpaka Ijumaa. Ukifika Ijumaa bila kukatika, mwendo wako ni wa kujenga, unaweza kukaa nao nusu saa au zaidi. Ukikatikia Jumatano, uko mpakani. Ukiishia Jumapili, umeshavuka, na una dakika chache kabla hujasimama, utake usitake. Mtu anayeanza mazoezi anatakiwa awe anafika Ijumaa karibu muda wote. Vijana hawapendi kusikia hivyo, wanaona aibu kupitwa na mama mwenye kitenge kiunoni, lakini mama yule ndiye anayefika juu.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo wageni kutoka Dar wanalidharau. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, kama ilivyo Kariakoo. Kilichopungua ni msukumo wa hewa yenyewe: hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani, na juu ya Loleza, mita 2,656, unashuka mpaka kama asilimia 72. Kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni kidogo kuliko uliyoizoea, na mwili unajibu kwa kuhema zaidi tangu siku ya kwanza. Mapigo ya moyo ukiwa kitandani nayo yanapanda kidogo. Si ugonjwa. Mtu aliyeshuka basi jana asikimbie kwa kasi aliyoizoea Dar. Siku tatu hadi tano za kwanza atembee na kukimbia polepole kwa dakika 20 hadi 30, anywe maji kuliko kawaida, maana hewa ya huku ni kavu na ukihema sana unapoteza maji kwa pumzi bila kuona jasho. Wiki mbili au tatu zinatosha kuzoea sehemu kubwa ya mabadiliko. Chembe nyekundu za damu kuongezeka ni kazi ya wiki nyingi zaidi, na kwa mwinuko huu ongezeko lenyewe si kubwa kama watu wanavyohadithiana.

Wanaotaka kujua mwinuko unavyobagua, waitazame Olimpiki ya Mexico City ya mwaka 1968, jiji lenye mita kama 2,240. Bob Beamon wa Marekani aliruka mita 8.90 kwenye hewa ile nyepesi, wakati wakimbiaji wa mbio ndefu waliteseka. Dhahabu ya marathoni ikaenda kwa Mamo Wolde wa Ethiopia, mtu wa nyanda za juu. Anayepanda kutoka mjini Mbeya mpaka kileleni Loleza anaupita mwinuko wa Mexico City njiani, na hakuna anayempigia makofi.

Kwenye uwanda wa Kitulo, karibu mita 2,600, au njia za Mlima Rungwe, kama kichwa kinauma kwa kupigapiga, kichefuchefu kinakuja na usingizi unakatika, acha kupanda. Usitafute dawa ya kuendelea nayo. Shuka mita 300 hadi 500 uone.

Sasa baridi. Juni na Julai ndiyo miezi inayotuletea kesi nyingi za kifua. Pua ina kazi tatu: kuipasha hewa joto, kuitia unyevu, kuichuja vumbi. Inamudu vizuri mpaka unapofikia lita kama 35 hadi 40 za hewa kwa dakika, ambao ni mwendo wa kutembea haraka au kukimbia taratibu. Juu ya hapo mdomo unafunguka wenyewe, na usijilaumu. Anayekomaa kukimbia kasi kwa pua tupu anajitesa bure. Tatizo ni kwamba hewa ya saa kumi na mbili asubuhi, baridi na kavu, sasa inaingia moja kwa moja kwenye mirija na kuikausha. Kwa watu wengine mirija inajibu kwa kubana.

Namna ya kulitambua hilo ni kuangalia saa. Kuhema kwa kawaida kunatulia dakika chache baada ya kusimama. Mirija iliyobana inafanya kinyume: mtu amemaliza vizuri, amekaa chini, halafu dakika tano hadi kumi na tano baadaye anaanza kukohoa kikohozi kikavu, kifua kinabana, ukimsogelea unasikia filimbi nyembamba anapotoa pumzi. Inaweza kuendelea nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kuachia. Mwanafunzi wa namna hii mara nyingi anaitwa mvivu, na walimu wa michezo tunahusika sana na lawama hiyo. Mpeleke kituo cha afya apimwe pumu. Kuwa na pumu hakumtoi mtu kwenye michezo.

Kwa mwenye pumu, kupasha mwili ni nusu ya tiba: dakika 10 hadi 15, kuanzia kutembea, kisha kukimbia taratibu, kisha vipande vinne hadi sita vya kukimbia kasi kwa sekunde 20 au 30 vyenye mapumziko. Vipande hivyo vifupi huifanya mirija isibane kwa nguvu katika mazoezi yenyewe. Kitambaa au skafu mdomoni kinasaidia kupasha hewa. Kama daktari ameandika inhela ya salbutamol, ile ambayo wengi wanaiita pampu, kawaida ni mikupuo miwili dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza. Makosa tunayoyaona hapo ni mawili: kubonyeza kabla au baada ya kuvuta badala ya wakati uleule, na kubonyeza mara mbili kwa pumzi moja. Dawa inapiga kwenye ulimi na kuishia hapo.

Dawa ya makosa hayo ni chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita. Isafishe kwa maji na sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani. Chora kwenye kitako chake umbo la mdomo wa inhela, pasha waya mnene uyeyushe tundu kwa kufuata mchoro, kisha chomeka inhela ikae imebana. Penye mwanya ziba kwa plasta. Mtu anaweka midomo kwenye shingo ya chupa, anabonyeza mara moja, anavuta na kutoa taratibu pumzi tano au sita, ndipo anabonyeza wa pili. Na kama anaihitaji karibu kila siku, ugonjwa haujadhibitiwa, arudi kwa daktari. Yawezekana anahitaji dawa ya kila siku ya kutuliza uvimbe wa mirija. Kuazimana inhela uwanjani tunakataza.

Tukirudi kwenye hewa yenyewe, Mbeya imelala kama kwenye bakuli, safu ya milima ya Mbeya upande mmoja na Uporoto upande mwingine. Asubuhi za kipupwe hewa baridi inajikalia chini pamoja na moshi wa majiko, taka zinazochomwa na magari. Jua likipanda, bakuli linafunguka. Ndiyo maana kipindi hicho tunasogeza mazoezi mpaka saa moja na nusu au saa mbili, wanaoweza. Wanaowahi kazini wapande juu, wauache moshi chini yao. Tusichokubali ni kukimbia kando ya barabara kuu ya Zambia, Uyole mpaka Mafiati, au kule Mlima Nyoka ambako malori yanapanda kwa gia ya kwanza yakitema moshi mweusi. Mtu anayekimbia anavuta hewa mara kumi ya aliyekaa, tena kwa mdomo, bila kichujio cha pua. Sogea hata mitaa miwili ndani, hewa inabadilika. Kuanzia Agosti mpaka mvua zinapokuja kuna vumbi na moto wa kuandaa mashamba. Siku ambayo huoni mlima kwa ajili ya moshi, ruka kamba nyumbani.

Na hapa kuna jambo ambalo si la mazoezi lakini linaharibu mazoezi: jiko la mkaa chumbani. Usiku wa baridi, mlango umefungwa, jiko limeingizwa "kidogo tu". Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kabonimonoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na inashikamana na hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala nayo akaamka, maana wengine hawaamki, anakuja uwanjani na kichwa kizito, kichefuchefu, miguu haina nguvu, anahema kwenye tambarare. Tukimwona hivyo swali letu la kwanza ni hilo la jiko. Jibu likiwa ndiyo, hakimbii. Anakwenda hospitali, na waliolala naye nyumba moja wanaangaliwa pia.

Sasa kipi kinabadilika ukifanya mazoezi? Mapafu ya mtu mzima hayakui kwa kukimbia. Ukubwa wake umeshapangwa na urefu, umri na jinsia, na uwezo wake unafikia kilele miaka ya ishirini na kitu, kisha unapungua polepole. Kinachobadilika ni vinavyoyazunguka. Moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Misuli ya miguu inaota mishipa midogo mingi na kutumia oksijeni vizuri, kwa hiyo asidi inachelewa kupanda na ubongo hauna sababu ya kukuhimiza uheme. Kiwambo na misuli ya mbavu inakuwa sugu. Kwa hiyo mwendo uleule unakudai pumzi chache.

Wala mazoezi hayasafishi mapafu. Wachimbaji wadogo kutoka Chunya wanatuuliza hilo, wengine wanakunywa maziwa baada ya kazi wakiamini yanateremsha vumbi. Maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi la mawe likishafika kwenye vifuko vya hewa linaacha makovu, na hakuna mchakamchaka wa kuyafuta. Huko dawa ni kumwagia maji mwamba kabla ya kuponda, na barakoa iliyotengenezwa kuzuia vumbi laini.

Anayeanza kutoka sifuri tunampa wiki nane. Wiki mbili za kwanza, siku tatu kwa wiki: kukimbia dakika 1, kutembea dakika 2, mara nane, kwenye tambarare, mitaa ya Forest Mpya au uwanja wowote wa shule. Wiki ya tatu na ya nne, dakika 2 kwa 2, mara saba. Wiki ya tano na ya sita, dakika 5 kwa 1, mara nne. Mwisho anakimbia dakika 20 hadi 25 mfululizo, na siku moja katika wiki anapata mwinuko: dakika 1 kupanda, kushuka kwa kutembea mpaka azitaje siku za wiki zote, mara sita. Kila usiku dakika tano chali, magoti yamekunjwa, mfuko wa sukari wa kilo moja juu ya kitovu. Vuta kwa hesabu ya nne, mfuko upande. Toa kwa hesabu ya sita, ushuke. Kikipanda kifua badala ya mfuko, bado hujapata. Kuna wanaopenda kulinganisha pumzi na hatua, hatua tatu kuvuta na tatu kutoa kwenye mwendo mwepesi, mbili kwa mbili ukikaza. Ni msaada wa kichwa zaidi, asiyeupenda auache.

Kichomi cha ubavuni kinawapata zaidi waliokula ugali au kunywa soda muda mfupi kabla. Lipe tumbo muda wa saa mbili hadi tatu. Kikija, punguza mwendo, bonyeza panapouma, toa pumzi ndefu.

Ukimaliza kipande kigumu usisimame ghafla, damu inabaki miguuni na kizunguzungu kinakuja. Tembea dakika mbili au tatu. Makocha wa zamani walikuwa wanagombeza anayeinama kushika magoti, eti ni udhaifu, asimame wima na mikono kichwani. Sisi tumeacha. Mikono ikiegemea mapaja, misuli ya kifua inapata pa kushika na kusaidia mbavu, kiwambo kinajikunja vizuri, pumzi inarudi mapema.

Maumivu ya kifua yanayobana au kwenda mkononi, kuzimia, kukohoa damu, kuhema ukiwa umekaa: hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Kikohozi cha wiki mbili kapime kifua kikuu; vipimo na dawa vituo vya serikali vinatoa bure. Mafua ya pua tupu unaweza kukimbia taratibu, lakini yakishuka kifuani au kukiwa na homa, lala.

Wakati mwingine timu inashuka Kyela kwa mashindano, kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari. Wakimbiaji wanajiona wana mabawa, wanamaliza siku zote za wiki kwa pumzi moja na bado wanacheka, basi wanaanza kwa kasi ambayo miguu yao haijawahi kuizoea. Kwa dakika kumi wanapendeza. Halafu joto linawakamata, maana huko pumzi siyo inayokwisha kwanza, ni maji ya mwilini. Tunawaanzisha saa kumi na mbili alfajiri, kila mmoja na chupa yake, na kilomita mbili za kwanza wanakimbia kwa mwendo wa Mbeya.